Mgeni Siku Mbili

Watu wa Tanga wana msemo wanaomkaribishia mgeni na papo hapo kumdhihaki: "Waja leo, waondoka leo." Mwalimu mmoja mstaafu wa Unguja, aliyesomesha Kiswahili katika skuli za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, alitupiwa msemo huo alipokuwa akishuka bandarini Tanga. Mtupaji alikuwa kijana wa bajaji aliyeutazama mkoba wake na kuuona ni mdogo mno kwa mtu aliyevuka bahari.

"Shikamoo bibi. Nawe waja leo waondoka leo?"

Akamjibu kwamba ataondoka keshokutwa. Kijana akacheka. "Basi wewe ni mkaazi."

Hiyo ilikuwa ya kwanza katika safari nne, na hakuna hata moja iliyopindukia usiku wa nne. Kwa umri wake wote Mwalimu alikuwa mtu wa kupokea wageni, si wa kuwa mgeni. Nyumba aliyoiacha marehemu baba yake imo ndani ya Mji Mkongwe, katika uchochoro ambao wawili wakikutana na mmoja ana baiskeli, mwengine hubidi ajibane ukutani. Tangu mji huo ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, amewaona watalii wakipita chini ya dirisha lake makundi kwa makundi, na amewasikia wakiambiwa kwamba misumari ya shaba ya mlango wake asili yake ni kinga ya tembo wa Bara Hindi. Dakika tatu, picha mbili, wamekwenda. Alikuwa akiwacheka, na siku za joto kali akiwachukia kidogo. Mtu gani anaujua mji kwa siku mbili?

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili wakafa. Jumba lilikuwa katika matengenezo. Mwalimu alizisikia kelele za watu kabla ya kuambiwa ni nini. Usiku ule hakulala. Alishika kurunzi akazunguka chumba hadi chumba akiangalia nyufa ambazo kwa miaka mingi alizoea kuziita alama. Fundi aliyeletwa baadaye alipanda juu, akagonga boriti za dari kwa kisu, akashuka akiwa kimya. Nne zilikuwa zimeoza. Haukupita muda akaja mtu mwenye fedha, mpole, aliyetaka nyumba hiyo aigeuze hoteli ndogo, akaacha karatasi ya makubaliano.

Nyumba ya mirathi haiuzwi wala haijengwi kwa kauli ya mtu mmoja. Warithi walikuwa wanne: yeye, mdogo wake wa kike aliyeolewa Tanga, mdogo wake wa kiume aliyehamia Mombasa ujanani, na kaka yao wa baba mmoja aliyeko Muscat. Kwa simu kila mmoja alisema, "Wewe uliyepo ndiye ujuaye," kauli ambayo kwa watu wa pwani maana yake ni kwamba hakuna atakayetoa shilingi wala saini. Ndipo akaamua kuwafuata walipo. Na kwa kuwa nyumba yenye ufa haiachwi peke yake, kila safari ilikuwa ya siku chache, jirani amekabidhiwa ufunguo.

Tanga ilimshangaza kwa upana. Aliyezaliwa katika vichochoro, barabara zile za Ngamiani zilizopangwa kwa mstari na kuitwa kwa nambari badala ya majina zilimfanya ahisi kama mtu aliyevuliwa mtandio. Baiskeli zilipita bila ya kupiga kengele, wanawake wakiziendesha na makanga yao kana kwamba wamezaliwa juu yake. Mji ulikuwa na majengo makubwa ya wakati wa Mjerumani, bandari, stesheni, na juu ya vyote hivyo kimya cha saa tisa alasiri. Ulimkumbusha mtu aliyeshonewa koti kwa kutarajiwa kuwa atanenepa. Na kweli mji ule ulitarajiwa makubwa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, iliyofika hai ikawa 62 tu, na kutokana na hiyo 62 yakaota mashamba yaliyoifanya Tanganyika ijulikane duniani kwa katani. Mwaka huo huo ilianza kujengwa reli iliyofika Moshi mwaka 1911. Kisha zikaja nyuzi za plastiki, bei ya katani ikaanguka, na Tanga ikabaki na koti lake. Siku hizi koti jipya linashonwa: bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, mwisho wake ni Chongoleani, hatua chache kutoka mjini. Shemeji yake alilizungumza bomba hilo kwa adabu, kama mtu anavyomzungumza mchumba ambaye hajaleta posa.

Mdogo wake hakutaka habari ya nyumba. Alipika, akaondoa sahani, akapika tena. Mwalimu alipomtolea karatasi alisema, "Dada, fungu langu liandike utakavyo. Mimi nilitoka mlango ule na mwari wangu, sikugeuka nyuma. Nataka mbuzi tu." Alikusudia mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu mama yao. Haikuwa na thamani ya hata nauli ya bajaji, na Mwalimu hakuwa na uhakika kama bado ipo.

Asubuhi ya pili aliomba ruhusa ya saa mbili akaenda Machui, nje kidogo ya mji, kulizuru kaburi la Shaaban Robert, aliyezaliwa sehemu hizo mwaka 1909 na kufa mwaka 1962. Alikuwa amewasomesha vitabu vyake watoto wasio na idadi. Dereva alimuuliza kama marehemu alikuwa jamaa yake, naye akasema ndiyo, kisha njia nzima akajiuliza kama amesema uongo.

Kutoka Tanga kwenda Mombasa mtu hupita Horohoro, akagongewa muhuri, akaingia Lungalunga, akagongewa mwengine, na baada ya minazi mingi anafika Likoni. Hapo basi husubiri feri, na hapo Mwalimu aliamua kwamba haipendi Mombasa. Umati ulishuka mteremko kwa kasi ya maji. Hakuna aliyemsukuma, lakini hakuna pia aliyemngoja. Alizoea kwamba katika kisiwa mtu hutembea kwa kujua kuwa bahari ipo kila upande na hapana pa kukimbilia. Mombasa ni kisiwa kilichosahau kuwa ni kisiwa. Kaunti yake ilihesabiwa watu zaidi ya milioni moja na laki mbili mwaka 2019, na kwake ilikuwa kana kwamba nusu yao wanavuka pamoja naye.

Kisha ulimi. Alipoita bajaji aliambiwa tuktuk. Alipouliza njia alijibiwa ndia, na mzee mmoja akamwita "ndoo", si kwa kutaka maji bali kwa kumwambia aje. Miaka thelathini aliwafundisha wanafunzi kwamba hizo ni sifa za Kimvita, akaziandika ubaoni kwa chaki katika safu mbili, huku ndoo na huku njoo. Kuzisikia zikitumika kuuzia viazi karai kulikuwa jambo jengine kabisa. Alihisi kama mtu aliyesoma habari za bahari kisha wimbi likamlowesha. Pale Mji wa Kale, chini ya roshani za mbao, alimkumbuka Muyaka bin Haji, aliyeishi baina ya mwaka 1776 na 1840 na ambaye mashairi yake yalikuwa yakirushwa kama mikuki kuvuka bahari hadi Amu, na watu wa Amu wakijibu. Darasani alikuwa akiyaeleza majibizano yale kama sanaa. Baada ya nusu saa ya kuwasikiliza wachuuzi wawili wakinyang'anyana kivuli cha ukuta, kwa mafumbo, bila ya tusi hata moja, alielewa kwamba Muyaka hakubuni kitu, aliokota tu.

Ngome alipelekwa na nduguye, kwa kuwa kila mgeni hupelekwa ngome. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na mwaka 1698 Waomani waliichukua baada ya mazingira ya karibu miaka mitatu. Nduguye hakuwa na hamu na Wareno. Alimpitisha haraka, akamtoa upande wa pili, akamwonyesha kwa kidole maghorofa yanayoinuka nyuma ya nyumba za kale, membamba, ya saruji, kila moja likimchungulia mwenziwe uani.

"Waona, dada? Kila nyumba hapa ina warithi kumi. Wakingojana, yaanguka. Wakiuza, yajengwa hiyo. Wewe wataka ipi?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto watatu chuoni na gari lililokuwa likingojea kipuri tangu Ramadhani. Alisema nyumba ni mali, si mtu. Haina haja ya kuuguzwa. Usiku wa pili waligombana kwa sauti ndogo ili watoto wasisikie, na watoto wakasikia.

Asubuhi yake, kwa kuchanganyikiwa, Mwalimu aliacha mkoba wake wenye pasi, fedha na ile karatasi kwenye benchi la mama muuza mahamri na mbaazi. Aligundua baada ya saa nzima. Alirudi akikimbia, mwanamke wa umri ule. Mkoba ulikuwa chini ya meza, umefunikwa kanga, na mama yule alimkaripia mbele ya wateja wote kama mtoto wa chuoni: mtu mzima gani huacha roho yake kwenye benchi? Kisha akamwekea chai na kukataa pesa. Njiani kurudi Mwalimu alijiona yumo mbioni kuibadilisha hukumu yake juu ya mji mzima kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai, kama alivyoutoa hukumuni kwa ajili ya feri moja, akaona aibu. Ndivyo wale watalii wafanyavyo chini ya dirisha lake. Mtu mmoja si mji. Hata hivyo alimwomba mama yule jina lake, na hadi leo humtumia salamu kila apatapo mtu wa kumpelekea.

Lamu aliiongeza mwenyewe. Hakuwa na ndugu huko; alikuwa na neno la fundi wake wa Unguja kwamba mafundi wa chokaa waliobaki na kujua kazi wako Amu. Basi liliondoka Mombasa alfajiri, likapita Malindi, likasimamishwa na askari mara kadhaa kwa ukaguzi wa vitambulisho, na alasiri likawatua Mokowe, wakavuka kwa mashua. Mji ule uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka mmoja baada ya wa kwake, 2001, na Mwalimu aliutazama kama mtu anavyomtazama ndugu wa mbali kwenye mazishi: pua ile ile, macho yale yale, lakini nani huyu? Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ungeliweza kuwa uchochoro wowote wa kwao, isipokuwa wenye haki ya njia ni punda. Punda hakwambii hodi. Mtu huwekwa ukutani na mzigo wa mawe ya kujengea, kisha husikia nyuma yake sauti ya mtoto ikimtaka radhi.

Miji hii miwili imejengwa kwa vitu vile vile, mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na kwa hiyo ina sheria moja ambayo hakuna mfalme aliyeiandika: chumba hakiwi kipana kuliko urefu wa boriti. Hurefuka kitakavyo, lakini upana ni ule ule, karibu hatua tatu nne. Fundi aliyempokea, mtu mfupi mwenye viganja vilivyopauka kwa chokaa, alimweleza jambo hilo huku wakitembea ndani ya nyumba aliyokuwa akiitengeneza, yenye zidaka ukuta mzima kama sega la nyuki. Alimwonyesha pia kosa ambalo Mwalimu mwenyewe alilifanya mwaka 1998 kwa mkopo wa ualimu: kuziba nyufa kwa saruji. Ukuta wa chokaa hupumua, alisema. Ukiupaka saruji, unyevu hufungika ndani, hula mawe polepole, na hushuka ukaozesha vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani. Mwalimu hakumwambia kwamba vichwa vinne alikuwa navyo nyumbani.

Nyumba ile ilikuwa ya nani? Ya mtu wa Ulaya, alijibu fundi, ajaye kila mwaka kwa wiki mbili. Na ile ya pili? Vivyo hivyo. Shela, kijiji cha upande wa pili wa mchanga, zilikuwako nyingi zaidi, nyeupe, nzuri, mabirika yamejaa, milango imefungwa. Mwalimu aliuliza swali alilokuja nalo kutoka Unguja bila ya kujua: nyumba ambayo mwenyewe huilala siku kumi na nne kwa mwaka, imepona au imekufa? Fundi alifikiri, akasema kwamba baba yake alikufa akiwa hana kazi kwa kuwa wenye nyumba walitaka saruji. Yeye amewasomesha ufundi wanawe wawili, na wanao wanakula. "Hawa wageni, Mwalimu, ndio waliotaka chokaa."

Jibu lile halikumfurahisha, na hakulipatia jibu lake. Alilala usiku mmoja zaidi, akasikia jiji lisilo magari linavyolala: kikohozi cha mtu nyumba ya tatu, maji yakimiminwa, punda. Yapo mambo ambayo mgeni wa siku mbili huyasikia kwa kuwa bado hajayazoea, mwenyeji angelala.

Muscat ilikuwa ya mwisho, na ghali kuliko zote. Alibeba halua, na uwanjani wa ndege pale ndipo ilipompitia kwamba kupeleka halua Omani ni sawa na kupeleka chumvi baharini. Mji ni mweupe na mfupi, kwa kuwa taratibu za ujenzi zimeizuia rangi na kimo kupita kiasi, umelala baina ya majabali makavu na bahari kama shuka iliyoanikwa. Safi mno. Alitafuta baraza ya kukalia na watu wa kuwaamkia, hakuona. Asubuhi ya kwanza alitoka kwa miguu kwenda dukani, na magari mawili yalisimama kumuuliza kama amepotea. Matrah tu, baina ya maduka ya ubani na fedha, alihisi amefika mahali. Mzee mmoja muuza vitambaa alimsikia akiongea na shemeji yake, akamjibu kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, chenye maneno ambayo vijana wa Darajani hawayajui tena.

Kaka yake aliondoka Unguja mwaka 1964, mtoto wa miaka saba, mkononi mwa mama yake. Walihangaika njia ndefu, na baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje, wakapata kutulia. Amejenga upande wa Seeb. Wajukuu zake hukifahamu Kiswahili na hujibu kwa Kiarabu. Aliila halua yote aliyoletewa, akasema imezidi kungumanga, akauliza kama iko nyengine.

Juu ya nyumba hakuuliza bei wala nyufa. Aliuliza kidato cha saba. Katika ngazi ya mbao ya kupandia juu, alisema, kidato cha saba kilikuwa kikilia kila ukikikanyaga, na baba alijua kwa mlio huo ni nani amechelewa magharibi. Bado kinalia? Mwalimu alisema kinalia. Alisema hivyo kwa sababu ilikuwa usiku, na kwa sababu mzee yule alikuwa ameegemea mbele kama mtoto.

"Nitakuja nikione, kisha nitatia saini. Yoyote mtakayo."

Alikuja Februari 2024, kwa siku tatu. Mwalimu alimpokea na shemeji, akawatandikia chumba cha barabarani ambako boriti zilikuwa nzima. Siku ya kwanza kaka alitaka kutembea, naye alimfuata nyuma akimwona anavyopotea katika mitaa aliyoapa kuwa anaijua, akisimama mbele ya maduka ya vinyago, akitazama juu. Pale Beit al-Ajaib palikuwa na uzio. Watalii walipita, na kijana mwenye kitambulisho shingoni aliwakaribisha kwa Kiingereza, ziara ya saa mbili, bei ya chini. Mzee alimjibu kwa Kiswahili kile cha Matrah. Kijana aliomba radhi, kisha akamuuliza amejifunza wapi.

Ngazi ilikuwa imebadilishwa mwaka 1987. Mwalimu alijua siku zote; ni yeye aliyemlipa seremala. Kaka alipanda taratibu mkono ukutani akihesabu kwa sauti, alipofika cha saba akasimama, akakikanyaga, akarudia. Akaendelea kupanda. Hakusema neno, na chakula cha usiku kilikuwa na maneno mengi juu ya samaki.

Siku ya pili alikaa barazani tangu asubuhi, na kufikia adhuhuri mitaa miwili ilikuwa imejua yeye ni mtoto wa nani. Siku ya tatu, ambayo kwa desturi mgeni hupewa jembe, aliomba apande darini. Mwalimu alimkataza; mzee wa umri wake, boriti zimeoza. Alipanda. Alishuka na vumbi kichwani na kitu cha mbao mkononi kilichovunjika mguu mmoja, akauliza kwa nini wamekitupa kule. Ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi.

Ndege yake iliondoka usiku ule. Mbuzi ilipigwa msumari, ikafungwa gazeti, ikapelekwa Tanga kwa boti. Karatasi ya mnunuzi ingali mezani, imewekewa kopo la chokaa aliyotoka nayo Lamu ili isipeperuke. Ina saini moja, ya Mombasa. Boriti mbili zimekwisha kubadilishwa. Fedha zake zilitoka Muscat, bila ya barua.